Kibodi Iliyokatwa Ubavu

Mimi ndiye niliyenunua ile kubwa. Nasema mapema, kwa maana habari hii inasimuliwa kanisani kwetu kila chai inapomiminwa, na kila anayeisimulia ananiwekea mdomoni maneno ambayo sikuyasema. Niliyoyasema nitayaandika hapa mwenyewe. Shule nilisoma kidogo, lakini maneno yangu nayakumbuka.

Mjukuu wangu alipata kipaimara wiki chache baada ya Pasaka. Ni msichana mrefu, mpole, mtoto wa mwanangu. Tunaishi nyumba moja Rissne, kando ya Stockholm: mwanangu anayeendesha basi, mke wake anayefanya kazi za ofisi nusu huko ofisini na nusu kwenye meza yetu ya kulia, huyo mtoto, na mimi. Siku hiyo baada ya misa nilimwambia aseme kitu anachotaka, shosho wake atamnunulia. Nilijiandaa kusikia viatu, au saa ya mkononi.

Akasema, "Kibodi ya kompyuta, shosho. Ya gemu."

Hiyo gemu nilikuwa naijua kwa kuichungulia. Watoto watano wanapambana na wengine watano ndani ya skrini, wanakimbizana kwenye majumba yasiyo na mwenyewe, wanapigana risasi, na wakimaliza wanaanza tena kana kwamba hakuna aliyekufa. Mwanzo niliipinga sana. Nilisema itamharibu kichwa. Mama yake akanionyesha ripoti ya shule, nikakosa pa kushikia, nikaacha.

Sasa kulikuwa na jambo. Kule Bredäng kuna nyumba ya vijana, wenyewe wanaiita fritidsgård, na nyumba hiyo ina timu ya gemu inayosafiri hadi miji mingine kushindana. Mmoja wao alihama na wazazi wake, ikabaki nafasi moja, na Jumamosi fulani kungekuwa na majaribio. Mjukuu wangu aliitaka nafasi hiyo jinsi watu ninaowajua wanavyotaka viza. Hakusema sana, si mtu wa kusema. Lakini alikuwa akila uji asubuhi na unaona kabisa kwamba kijiko kiko Rissne na yeye mwenyewe yuko Bredäng.

Na kibodi yake ilikuwa imezeeka. Batani ya kwenda mbele ilikuwa haikubali mpaka uigonge kama mlango wa jirani. Utamkimbiza nani na kitu kama hicho?

Basi tukaenda mjini. Lile duka lilinifurahisha tangu mlangoni, maana kibodi zote zilikuwa zimepangwa mezani, wazi, unashika unavyotaka. Nimeuza nyanya sokoni Nakuru miaka mingi, na mtu anayeficha mali yake nyuma ya kioo simwamini. Mjukuu wangu alienda moja kwa moja hadi kwa moja ndogo, akaiwekea mkono.

Nikaiinua. Nikaigeuza. Upande wa kulia, pale penye namba, hapakuwa na kitu. Mstari wa juu haukuwepo.

"Nyingine iko wapi?" nikauliza.

"Ndiyo yote, shosho."

"Hii imekatwa ubavu."

"Imetengenezwa hivyo."

Nikatazama bei. Hiyo iliyokatwa ilikuwa ghali kuliko kubwa nzima iliyolala karibu yake. Nikamwita kijana wa duka, mwenye ndevu nyekundu na sura ya upole, nikamwambia mjukuu wangu atafsiri. Nilisema namba hazipo, mishale haipo, mtu ananunua kwa sababu ya kilichopo, hanunui kwa sababu ya kilichotolewa, na kwamba kwetu kitu kikipungua na bei inapungua, na aangalie vizuri asiwe amebandika karatasi ya bei mahali pasipo pake. Mjukuu wangu akamgeukia yule kijana na kusema maneno kama matatu.

"Mimi nimeongea mpaka koo limekauka, na wewe umesema hayo tu?"

"Kiswidi ni kifupi, shosho."

Kijana akajibu kwamba bei ni hiyo hiyo iliyoandikwa. Sawa. Nikafanya anachofanya kila mtu mwenye akili: nikaiweka kibodi chini, nikashika mkoba wangu, nikaondoka polepole. Unajua mwendo huo. Ni mwendo wa kumpa muuzaji nafasi akuite. Nikafika mlangoni, hakuita. Nikafika hadi kwenye zile ngazi zinazopanda zenyewe. Kimya. Nikageuka kumtazama, na yule kijana akanipungia mkono kwa furaha kabisa.

"Hej då!" akasema. Yaani kwaheri.

Nimekaa Stockholm muda wa kutosha, lakini siku hiyo nilijua kwamba hawa watu hawatakuita urudi hata ukitembea mpaka Finland.

Nikarudi mwenyewe. Na kwa kuwa sikutaka aibu hiyo ipotee bure, nikachukua ile kubwa. Nzima. Yenye kila batani, na nyingine za ziada ambazo hata kijana alikuwa hajui kazi yake. Nikamuuliza mjukuu wangu, "Unaipenda?"

"Ni nzuri, shosho. Asante." Akaipokea kwa mikono miwili, na goti akalikunja kidogo, kama nilivyomfundisha alipokuwa mdogo. Nilirudi nyumbani kwenye treni nimenyooka kama mtu aliyeozesha.

Nyumbani meza yake imebanwa kati ya dirisha na kabati la nguo. Ile kibodi ikakaa pale ikaenea kama mgeni mnene kwenye kochi. Nikaifumia kitambaa cha kuifunika, cheupe, chenye maua pembeni, sawa na cha runinga. Kila alasiri akitoka shule na kumaliza masomo anacheza, nami naingia na viazi vyangu na kisu, nakaa kitandani kwake namenya. Nilisema ikiwa atacheza, basi atacheza nikimwona.

Jambo la kunishangaza ni kwamba kila nikiingia naikuta kibodi imelazwa upande, imepinda, kona moja juu na nyingine chini, kama mgonjwa aliyegeuzwa asipate vidonda. Mimi sipendi kitu kilichopinda. Naiweka sawa. "Keti kama mtu," namwambia. "Weka mgongo kwenye kiti, na hiyo kitu iangalie mbele."

"Ja, farmor," ananijibu. Akiudhika mimi si shosho tena, nageuka farmor, bibi wa Kiswidi, na lugha yote inahama.

Naye akawa anapigwa. Kila dakika anakufa. Nasikia pumzi inatoka, fuuu, halafu anasubiri wenzake wamalize. Baba yake akasema labda ni macho, apelekwe kwa daktari wa macho. Mama yake akasema ni wasiwasi wa majaribio. Mimi nikasema ni kukaa vibaya. Nikazidi kuinyoosha.

Basi Alhamisi moja, majaribio yakiwa yamekaribia, kengele ya mlango ikalia. Ni rafiki yangu, mama wa Kirundi anayekaa Spånga, tunayesimama naye safu moja kwenye kwaya. Hakuwa amepiga simu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu na kilemba juu. Akakaa ukingoni mwa kochi, akaanza kuuliza habari za kila mtu wa nyumba, halafu za ukoo wangu Kenya, halafu za jirani yangu ambaye hata hamjui.

Mtu mzima akija hivyo, ametumwa. Hilo halina nchi.

"Umetumwa na nani?" nikamuuliza.

"Tunywe kwanza chai, dada."

"Chai unayo mkononi."

Akainywa kidogo. "Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wako. Wa humu ndani. Kuna jambo linamlemea, na anashindwa kukuambia kwa sababu anakuheshimu sana. Kwa hiyo amesema nije mimi, nikuombe usikasirike, nikueleze polepole."

Nikaweka kikombe chini. Jamani. Nilikuwa nimeshamwona mvulana. Nilikuwa nimeshaona tumbo, nimeshaona padri, nimeshaona mwanangu ameshika kichwa. "Ni nani?" nikasema. "Niambie sasa hivi. Ni wa kanisani kwetu au ni Mswidi?"

"Nani?"

"Huyo mvulana!"

Akanitazama. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kile kitenge. "Mvulana wapi! Ni kibodi, dada! Ile kibodi uliyomnunulia, ni kubwa!"

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Halafu nikakasirika. Vilikuja kwa mpangilio huo.

"Na wewe umetoka Spånga umevaa kilemba kwa ajili ya kibodi?"

"Mtoto amenipigia simu analia. Ulitaka nivae nini, kandambili? Amesema zawadi ya kipaimara hairudishwi. Nikamwambia jambo zito kwetu hupelekwa na mtu mzima. Basi nimelileta."

Mjukuu wangu aliporudi kutoka shule aliviona viatu vya mgeni mlangoni, akakwama pale pale kwenye korido na mkoba mgongoni.

"Ingia," nikamwita. "Mjumbe wako amefika, na chai amekunywa na nyingine amemwaga. Njoo unionyeshe hiyo shida."

Tukaingia chumbani kwake sote watatu, hatukutoshea. Akakaa mezani. Mkono wa kushoto akauweka kwenye herufi, pale pa kutembea na kuruka. Wa kulia ukashika kile wanachokiita kipanya, cha kulengea. Akanieleza taratibu, akiwa ameangalia meza na si mimi, kwamba kipanya chake amekifanya kiende polepole ili alenge bila kutetemeka, kwa hiyo akitaka kugeuka nyuma lazima mkono usafiri mbali, uvuke meza yote. Akausafirisha. Kipanya kikafika kwenye ule ubavu wenye namba, kikagonga, ka! Mtu wa kwenye skrini akabaki ameangalia ukuta.

"Na huko nyuma kuna adui?"

"Ndiyo, shosho."

"Hizo namba unazitumia?"

"Hapana."

"Ndiyo maana unailaza upande, upate nafasi."

"Ndiyo."

"Na mimi naingia nainyoosha."

"Kila siku," akasema.

Rafiki yangu alikuwa ameshageukia kabati, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nikamuuliza mtoto, "Sasa mbona hukusema? Kule dukani nilikuuliza!"

Akasema kwa sauti ndogo, "Ulikuwa umefurahi. Na halafu ukaifumia kitambaa."

Sikuomba msamaha. Asiyesema atajibiwaje? Nilienda jikoni nikakaanga maandazi, mengi, na wote katika nyumba hii wanajua maandazi yangu ya siku isiyo Jumapili yana maana gani. Jioni hiyo mama yake akaichukua ile kibodi kubwa na kuiweka mezani pake pa kazi kabla hatujamaliza kula. Kumbe alikuwa akizitamani zile namba tangu ilipoingia, kazi zake ni za tarakimu mchana kutwa. Kitambaa pia alikichukua.

Kesho yake tukarudi dukani. Kwenye treni nilimwambia, "Leo unasema wewe. Mimi nimekuja kushika mkoba."

Yule kijana wa ndevu nyekundu alinikumbuka. Nilimwona akinyooka.

Nilidhani mjukuu wangu atakamata ile ile ndogo ya siku ya kwanza na tutoke. Hapana. Alichagua. Mimi nimechagua vitu maisha yangu yote, na nilikuwa sijawahi kumwona huyu mtoto akichagua hata soksi. Alifunga macho akabonyeza. Moja akasema batani zake ni nzito, vidole vitachoka kabla ya adui. Nyingine ilikuwa nyepesi mno, akiweka kidole tu kupumzika, herufi inaondoka. Ile ndogo kuliko zote, ya siku ya kwanza, akairudisha: mishale haina, na mishale anaihitaji kwa kazi za shule. Nyingine ilikuwa nzuri lakini herufi zake ni za Marekani, zile zenye vidoti juu hazipo, na wenzake atawaandikia Kiswidi gani.

Mimi nilikuwa nimependa moja iliyokuwa inawaka taa, nyekundu, bluu, kijani, zinapishana kama ukumbi wa harusi.

"Hii inapendeza," nikasema.

"Hapana, shosho. Batani zake zinachelewa kurudi juu."

Hapana! Mbele ya muuzaji! Nilifungua mdomo, nikaangalia mkoba, nikaufunga mdomo.

Mwisho akasimamia moja ya ukubwa wa katikati. Ubavu wa namba haina, lakini mishale ipo, imebanwa kwenye kona kama watoto wa jirani kwenye picha ya familia. Ukiibonyeza haipigi kelele. Akamgeukia yule kijana wakaongea, wakaongea, akauliza hiki na kile kuhusu waya na kuhusu kuirudisha, na nikagundua kwamba Kiswidi si kifupi hata kidogo.

Nilinyamaza mpaka malipo yakaisha. Halafu nikasema, "Mwambie sasa atuongeze kitu."

"Shosho, nej," akasema, yaani hapana.

"Tumekuja mara mbili. Mteja akirudi anapewa nyongeza. Nyanya moja, kitunguu, chochote. Mwambie."

Akafunika uso kwa kiganja, lakini akatafsiri, na safari hii akatafsiri yote, nilisikia hadi neno la nyanya. Kijana akafikiri. Akaingia nyuma, akarudi na kiburashi kidogo cha kufagilia makombo kwenye batani, akakiweka juu ya boksi. Nikampa mkono. Sasa ndiyo tulikuwa tumeuziana.

Jumamosi tukashuka Bredäng, mimi, mjukuu wangu, na rafiki yangu wa Spånga aliyesema kwamba kesi hii ameianza na ataimaliza. Nyumba ya vijana ina chumba chenye meza ndefu, na watoto wanakaa bega kwa bega kama kwenye benchi la kanisa. Mwalimu wao ni mwanamke kijana aliyenyoa kichwa, ana funguo shingoni. Alituonyesha viti vya nyuma na kutuomba tusipige kelele, kabla hata hatujafikiria kupiga.

Waliokuwa wanaitaka ile nafasi walikuwa mjukuu wangu na wavulana wawili. Kila mmoja angecheza ndani ya timu kwa zamu yake, dhidi ya watoto wengine watano. Wavulana wakaanza, na walikuwa wazuri, siwezi kuwasema vibaya. Hasa yule wa pili. Alikuwa anawaangusha watu kama anafuta meza. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Huyu ni hatari." Nikamwambia anyamaze.

Zamu ya mtoto wetu ikafika. Akatoa kibodi yake, akaichomeka, akaivuta karibu, na mkono wake wa kulia ukawa na uwanja mzima wa kukimbilia. Gemu ikaanza. Alilenga vizuri. Akigeuka, anageuka kweli, hakuna ka! Lakini timu ilikuwa inashindwa. Kila mmoja alikuwa anakimbilia kwake, wanaingia mlango mmoja wote wakiumizana mabega, na yeye alikuwa kimya, ameuma mdomo. Niliona kabisa kwamba ameona kosa lao. Uso huo naujua. Ni uso aliokuwa nao wiki zote hizo nikimnyooshea kibodi.

Mwalimu alikuwa amesema tusipige kelele. Sikupiga. Nilikohoa. Nilikohoa kikohozi changu cha jikoni, kile cha kumwambia mtu maziwa yanafurika.

Mabega yake yakapanda.

Halafu akaanza. "Vänster!" Yaani kushoto. "Vänster, sa jag! Wewe, nimesema kushoto!" Na wale wa timu wakaenda kushoto. "Subiri! Usitoke! Sasa! Sasa!" Alikuwa anapiga kelele kwa Kiswidi, na mbili tatu zikamtoka kwa Kiswahili, na hakuna aliyeuliza maana yake, walikuwa wanatii tu. Mtoto aliyenitumia mjumbe mwenye kilemba kutoka Spånga! Rafiki yangu alikuwa amenishika mkono akiufinya mpaka vidole vikafa ganzi.

Walikuwa wamebaki nyuma mbali. Wakawafikia wale wengine. Wakawapita, kwa kidogo sana, na watoto wakarusha mikono juu.

Mwalimu alikaa pembeni na mwenzake wakizungumza, muda mrefu wa mtu kuweza kuchemsha mayai. Akaja, akamwambia yule mvulana wa pili kwamba analenga kuliko wote, na aje tena mwakani. Halafu akasema kitu kwa mjukuu wangu. Nilielewa nusu, na nusu nikamalizia kwa kumtazama mtoto usoni. Timu ilikuwa inacheza bila mtu wa kusema, ndivyo alivyosema, na sasa wamempata. Mazoezi ni Jumatatu.

Sikungoja. Nilifika pale mezani, nikambusu kichwani juu ya hedifoni zake, nikaanza kuchomoa waya wa kibodi ili niifunge vizuri kwenye leso yangu tuondoke, watu wakale.

"Shosho, iache," akasema. "Wameomba tucheze moja zaidi." Akaurudisha waya. Akanionyesha kiti changu kule nyuma, kwa kidole, mbele ya watu wote.

Nikaenda nikakaa.